Uzito wa Mwaka wa Kwanza: Utangulizi wa Elimu ya Chimbuko la Afya

Mwaka 1911, katika jimbo la Hertfordshire kaskazini mwa London, mama mmoja aitwaye Ethel Margaret Burnside alikuwa na kazi ya kusimamia wakunga na wauguzi waliotembelea kaya zenye watoto wachanga. Uingereza ilikuwa na hofu. Wakati wa vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, vijana wengi waliojitokeza kuingia jeshini walikataliwa kwa udhaifu wa miili yao, na wakubwa wakaanza kujiuliza taifa lao linalea watoto wa namna gani. Burnside akaweka utaratibu. Mkunga ampime mtoto uzito anapozaliwa. Baada ya hapo muuguzi awe anapita nyumbani, aandike kama mtoto ananyonya au anapewa chupa, ameugua nini, ameota meno mangapi. Na akitimiza mwaka apimwe tena. Yote hayo yaliingizwa kwa wino katika madaftari makubwa, mtoto mmoja mstari mmoja. Kazi hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka thelathini, kisha madaftari yakawekwa kando.

Aliyeyatafuta baadaye ni daktari David Barker wa Chuo Kikuu cha Southampton. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya kumfahamu, kwa kuwa kuanzia 1969 hadi 1972 alifanya utafiti Uganda kuhusu kidonda cha Buruli, akaondoka wakati utawala wa Idi Amin ulipokuwa umeanza kuwatisha watu. Aliporudi kwao alishika swali lililowatatiza wengi. Ugonjwa wa moyo ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa kushiba, lakini ndani ya Uingereza uliwaua zaidi watu wa maeneo maskini. Mwaka 1986 yeye na mtakwimu Clive Osmond walilinganisha takwimu mbili za Uingereza na Wales: sehemu ambako watoto wachanga walikufa kwa wingi miaka ya 1921 hadi 1925, na sehemu ambako watu wazima walikufa kwa moyo miaka ya 1968 hadi 1978. Zilikuwa karibu sehemu zilezile. Hapo ndipo Barker alipohitaji kitu kigumu zaidi kuliko ramani: rekodi za watoto mmojammoja, waliozaliwa zamani za kutosha kiasi kwamba baadhi yao wameshakufa. Madaftari ya Hertfordshire yalikuwa nazo.

Timu yake iliwafuatilia wanaume 5,654 waliozaliwa kati ya 1911 na 1930. Wanawake waliachwa kwa wakati huo kwa sababu ndogo ya kiutendaji: wakiolewa hubadili majina, na kuwapata ni shida. Matokeo yalitoka mwaka 1989. Wanaume ambao walipotimiza mwaka mmoja walikuwa na kilo 8.2 au pungufu walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wale waliokuwa na kilo 12.2 au zaidi. Kabla hujauliza mtu anavuta sigara ngapi au anakula mafuta kiasi gani, tayari mstari mmoja ulioandikwa na muuguzi miaka sitini nyuma ulikuwa na la kusema kuhusu moyo wake.

Karibu, basi, katika elimu hii. Ina majina kadhaa, na waliomo hawaelewani vizuri juu ya mipaka yake. Wapo madaktari wa moyo na kisukari wanaoangalia mimba na mwaka wa kwanza. Wapo wanasaikolojia wanaoangalia malezi. Wapo wachumi, na wao huchelewa kufika lakini hufika na hesabu. Kinachowaunganisha ni dai moja: kwamba miaka ambayo mtu haikumbuki kabisa huacha alama katika mwili na akili yake, na alama hizo huendelea kufanya kazi hadi uzeeni. Wahenga wetu walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kila mwanafunzi anayekuja kujiandikisha kwangu huanza na methali hiyo kana kwamba hoja imeisha. Wahenga walikuwa wakizungumzia adabu. Hawakuwa wakizungumzia figo.

Na figo ni mahali pazuri pa kuanzia, maana hazina ubishi. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo mno vinavyosafisha damu, na vyote hutengenezwa kabla mtoto hajazaliwa. Ujenzi wake hukamilika takriban wiki ya 36 ya mimba. Baada ya hapo mtu hapati vingine, hata aishi miaka mia. Mtoto aliyekosa virutubisho tumboni huwa anazaliwa na vichujio vichache, na vile vichache hulazimika kufanya kazi ya vingi; vinachoka mapema, na presha inapanda. Mimba yenye upungufu hufanya kama fundi aliyepewa saruji isiyotosha: nyumba haisimami njiani, ila vyumba vya nyuma vinapunguzwa ili sebule ikamilike. Ubongo hupewa fungu lake kwanza. Figo, kongosho na ini hupata kinachobaki.

Upinzani ulikuja haraka, na ulikuwa wa haki. Mtoto mwenye uzito mdogo mara nyingi ni mtoto wa maskini, na mtoto wa maskini mara nyingi hukua akiwa maskini, anakula vibaya, anafanya kazi ya sulubu, anavuta moshi wa viwandani. Utajuaje kwamba tatizo ni mwaka wa kwanza, si miaka hamsini iliyofuata? Swali hili ndilo mhimili wa taaluma nzima, na ningemshauri mgeni asiliachie hata mara moja. Kila utafiti atakaousoma, aulize: wamewezaje kutenganisha mwanzo na yaliyofuata?

Jibu moja lilitoka katika balaa. Majira ya baridi ya 1944 kuamkia 1945, jeshi la Ujerumani lilizuia chakula kisiingie magharibi mwa Uholanzi. Kati ya Desemba na Aprili mgao wa mtu mzima ulishuka hadi kalori 400 mpaka 800 kwa siku, na watu zaidi ya 20,000 wakafa. Kisha, Mei 1945, ukombozi ukaja na chakula kikarudi kwa mara moja. Njaa hiyo iliwakumba matajiri na maskini, ilikuwa na tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na katikati yake hospitali ya Amsterdam iliendelea kuandika rekodi za uzazi. Ukijua mtu amezaliwa lini, unajua njaa ilimkuta mimba ikiwa na miezi mingapi.

Yaliyopatikana yalisumbua hata wafuasi wa Barker. Waliokutwa na njaa miezi ya mwisho ya mimba walizaliwa wadogo, kama ilivyotarajiwa. Lakini waliokutwa nayo miezi ya mwanzo, kisha mama zao wakapata chakula, walizaliwa na uzito wa kawaida. Na ukubwani ndio walioonekana kuwa na ugonjwa wa moyo kwa wingi zaidi. Mizani haikuona chochote. Mwaka 2008 watafiti walichukua damu ya baadhi ya watu hawa, wakiwa wamefikia miaka sitini hivi, wakailinganisha na damu ya ndugu zao wa tumbo moja ambao hawakupitia njaa. Alama za kikemia zinazokaa juu ya jeni mojawapo ya ukuaji zilikuwa zimepungua kwa wale wa njaa. Jeni yenyewe haikuwa imebadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni namna mwili unavyoisoma, na elimu ya mambo hayo inaitwa epijenetiki. Neno hilo siku hizi linauzwa kila mahali, hata kwenye matangazo ya vidonge, kwa hiyo msomaji alishike kwa tahadhari: kuona alama ni jambo moja, kuthibitisha kwamba alama hiyo ndiyo iliyoleta ugonjwa ni jambo jingine, na la pili bado halijakamilika kwa binadamu.

Afrika nayo ina ushahidi wake, na si wa balaa la mara moja. Kule Keneba, kijiji cha Gambia, vizazi na vifo vimekuwa vikiandikwa tangu 1949. Mwaka 1997 Sophie Moore, Andrew Prentice na wenzao walionyesha kwamba waliozaliwa katika nusu ya mwaka yenye njaa, mvua zikiwa zimeanza na ghala limebaki tupu, walikufa kwa wingi zaidi kuliko wenzao wa msimu wa mavuno. Jambo la ajabu ni umri. Utotoni tofauti haikuonekana. Ilijitokeza ujanani, na kwa waliopita miaka 25 ilikuwa imefika mara kumi. Wengi walikufa kwa maradhi ya kuambukiza, jambo lililowafanya watafiti washuku kwamba kinga ya mwili ndiyo iliyojengwa pungufu.

Hadi hapa tumezungumzia chakula. Mkondo wa pili wa elimu hii ulianzia kwingine kabisa, na kwa miaka mingi watu wa mikondo hii miwili hawakusoma maandishi ya wenzao.

Katikati ya miaka ya 1980 daktari Vincent Felitti alikuwa akiendesha kliniki ya kupunguza unene huko San Diego, California. Programu yake ilifanya kazi. Watu walipungua makumi ya kilo. Kilichomshangaza ni kwamba waliokuwa wakifanikiwa ndio waliokuwa wakiacha. Akaanza kuwahoji mmojammoja kutafuta sababu, kwa maswali ya kawaida: ulizaliwa na uzito gani, ulipoanza shule ulikuwa na uzito gani. Siku moja ulimi ukateleza. Alitaka kumuuliza mgonjwa alikuwa na umri gani alipoanza kujamiiana, akauliza alikuwa na uzito gani. Mwanamke yule akajibu: paundi 40. Hizo ni kilo 18, uzito wa mtoto wa miaka minne au mitano. Kisha akaangua kilio na kusema kwamba aliyemtenda alikuwa baba yake mzazi. Felitti aliendelea kuwauliza wengine, na visa vya namna hiyo vikazidi kujitokeza. Kwa baadhi yao unene haukuwa tatizo. Ulikuwa kinga, mwili mnene haumvutii mtu mbaya. Daktari alikuwa anawaondolea ngao, na wao wakawa wanaondoka kimya kimya.

Felitti akaungana na Robert Anda wa kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa. Kati ya 1995 na 1997 waliwauliza watu zaidi ya 17,000 waliofika kupimwa afya kuhusu madhila ya utotoni: kupigwa, kutukanwa, kudhulumiwa kingono, kutelekezwa, kumwona mama akipigwa, kuishi na mlevi au mtu mwenye ugonjwa wa akili, mzazi kufungwa, wazazi kuachana. Kila aina ikahesabiwa alama moja. Ripoti ya kwanza ilitoka 1998. Takriban theluthi mbili ya waliohojiwa walikuwa na angalau aina moja. Waliokuwa na aina nne au zaidi walikuwa na hatari ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 kuliko waliokuwa na sifuri. Hayo ya akili pengine hayakumshangaza mtu. Yaliyoshangaza ni moyo, mapafu, ini na saratani, ambavyo navyo vilipanda ngazi ileile.

Na hawa hawakuwa watu wa mabanda. Wengi walikuwa weupe, waliosoma chuo, wenye ajira na bima. Madhila yalikuwa yamefichwa nyuma ya milango mizuri.

Sehemu ya njia kutoka kwenye kipigo hadi kwenye moyo ni rahisi kuiona: aliyeumizwa hutafuta nafuu kwenye pombe na sigara, na hivyo vinamuua. Lakini hata ukiondoa pombe na sigara kwenye hesabu, sehemu ya hatari inabaki. Hapo tunaingia kwenye homoni. Mtu akiona hatari mwili humwaga kotisoli. Sukari hupanda kwenye damu, moyo hukimbia, kinga hubadili mwelekeo. Hatari ikipita, ubongo huzima kengele. Kwa mtoto mdogo mzimaji kengele mkuu ni mtu mzima anayemshika. Mtoto ambaye hatari yake haiishi, au ambaye mtu wa kumshika ndiye hatari yenyewe, hukaa na kengele inayolia kwa miaka. Bruce McEwen wa New York aliita gharama hiyo mzigo wa kuzoea: mwili unafanikiwa kuishi na hali mbaya, lakini unalipia kwa mishipa, kwa kinga, na kwa sehemu za ubongo zinazoshughulikia kumbukumbu na woga. Michael Meaney na wenzake huko Montreal walionyesha jambo la aina hii kwa panya. Watoto wa panya waliolambwa sana na mama katika wiki ya kwanza walikua watulivu, na ukiwahamisha watoto kwa mama mlambaji wakiwa wachanga, wanafuata tabia ya yule aliyewalea. Panya ni panya, lakini jaribio hilo liliwapa watafiti wa watu ujasiri wa kutafuta.

Umuhimu wa mtu anayemshika mtoto ulichunguzwa kwa makini karibu nasi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala akifuatana na mumewe aliyekuwa amepata kazi huko. Hakuwa na maabara. Akaanza kuzitembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vilivyo karibu na mji, kila baada ya wiki mbili, akiketi ukumbini kwa saa mbili hivi, akiwa na mkalimani, akitazama tu. Aliona mtoto anayetambaa akimwacha mama yake, akienda kushika kitu, akigeuka kumtazama, akisogea mbele zaidi, akirudi kumgusa goti, kisha akiondoka tena. Kutokana na mizunguko hiyo midogo alijenga wazo kwamba mama ni kituo salama cha kuanzia safari. Kitabu chake kuhusu watoto hao wa Uganda kilitoka 1967. Vitabu vya vyuo husimulia zaidi majaribio aliyoyafanya baadaye Baltimore, na naona hiyo ni dhuluma ndogo kwa akina mama wa Buganda waliomfundisha aangalie nini.

Kisha ikaja Romania. Nicolae Ceaușescu alipiga marufuku utoaji mimba mwaka 1966 ili taifa liongezeke, na familia zilizoshindwa kulea zikaambiwa serikali itawalelea. Utawala wake ulipoanguka Desemba 1989, watoto zaidi ya laki moja walikuwa kwenye taasisi. Walilishwa na kuvishwa. Hawakuwa na mtu wao. Watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walipoingia katika vyumba vya watoto wachanga huko Bucharest, kilichowagusa kwanza ni ukimya. Mtoto hulia ili mtu aje. Asipokuja mtu kwa muda mrefu, kulia hakuna faida, na mtoto huacha.

Mwaka 2001 walianza utafiti wenye watoto 136, wenye umri kati ya miezi 6 na 31. Kwa kura, nusu walipelekwa kwenye familia zilizotafutwa, kufundishwa na kulipwa kuwalea, na nusu walibaki chini ya utaratibu uliokuwepo. Msomaji atauliza, na ni lazima aulize, kama ni halali kupiga kura juu ya maisha ya watoto. Watafiti walijibu kwamba wakati ule familia za namna hiyo karibu hazikuwepo nchini, hakuna mtoto aliyezuiwa kurudi kwao au kuasiliwa, na serikali ya Romania yenyewe ilikuwa bado inabishana kama familia ni bora kuliko taasisi. Mimi huliweka swali hilo wazi darasani kwa kipindi kizima, na sijawahi kuona darasa likikubaliana. Matokeo lakini hayana utata. Waliopelekwa kwenye familia walipata akili nyepesi zaidi, walishikamana na walezi wao, na umeme wa ubongo wao ulianza kufanana na wa watoto wa Bucharest waliolelewa na familia zao. Waliohamishwa kabla ya umri wa miaka miwili hivi walinufaika kuliko waliochelewa. Kenya ilipopitisha mkakati wake wa 2022 hadi 2032 wa kuwaondoa watoto katika makao na kuwarudisha kwenye familia, ushahidi wa aina hii ulikuwa umekwisha kukusanywa kwa miaka ishirini.

Lazima nitie breki hapa, kwa sababu ni rahisi kuingiwa na imani kwamba kuna namna moja tu ya kumlea mtoto, na kwamba namna hiyo inafanana na ya Ulaya. Robert LeVine na wenzake waliishi na Abagusii wa magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1950 na tena ya 1970. Akina mama wa Kisii waliwajibu watoto wachanga haraka sana kwa kuwabeba na kuwanyonyesha, lakini hawakuwaangalia usoni kwa muda mrefu, hawakuwasifu, na hawakuzungumza nao kama mama wa Boston anavyofanya. Kwa kipimo cha Boston ungesema watoto hao wana upungufu. Walikua salama. Mtoto anahitaji mtu anayemjua, anayemjibu, asiyetoweka. Anaweza kuwa mama, bibi, shangazi, dada mkubwa, au wote kwa zamu. Vipimo vinavyotoka nje vikapimwe kwanza vyenyewe.

Hiyo ndiyo hitilafu ninayoiona katika ile hesabu ya alama za madhila. Orodha ilitengenezwa kwa watu wa California. Haina njaa, haina vita, haina kukimbia kijiji usiku, haina kuzika wazazi wote wawili kwa UKIMWI. Shirika la Afya Duniani baadaye lilitunga dodoso lenye vita na vurugu za mtaani, nayo ni nafuu. Hitilafu ya pili ni kwamba kumbukumbu hudanganya: watoto wanaoonekana kudhulumiwa wakati tukio linapotokea, na watu wazima wanaosema walidhulumiwa utotoni, mara nyingi si watu walewale. Ya tatu ndiyo inayonikera zaidi. Alama nne huongeza uwezekano katika kundi. Haisemi chochote cha uhakika kuhusu huyu aliyeketi mbele yako. Wapo wengi wenye alama sita wanaoendesha maisha yao vizuri, na wapo wenye sifuri waliozama. Robert Anda mwenyewe, mmoja wa walioianzisha hesabu hiyo, aliandika 2020 kuonya dhidi ya kuitumia kumhukumu mtu mmojammoja. Bado kila mwaka nakutana na kijana aliyejaza fomu mtandaoni na kuja ameshajikatia tamaa.

Kijana huyo huwa namsimulia habari za Jamaika. Mwaka 1986 na 1987, Sally Grantham-McGregor na wenzake huko Kingston walichagua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka mitaa ya maskini. Baadhi walipewa maziwa ya ziada. Baadhi walitembelewa nyumbani mara moja kwa wiki, saa moja, kwa miaka miwili, na mhudumu wa afya wa jamii aliyebeba midoli ya makopo na chupa tupu, akamwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto. Wengine walipata vyote, wengine hawakupata chochote. Walipofikia miaka 17 na 18, waliotembelewa walikuwa na wasiwasi na sonona pungufu. Miaka ishirini baada ya mradi, kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 25 kuliko cha wenzao. Maziwa pekee hayakuacha faida ya kudumu iliyoonekana. Huko North Carolina nako, watoto wa familia maskini waliozaliwa 1972 hadi 1977 waliwekwa katika kituo cha malezi chenye michezo, chakula na matibabu tangu uchanga. Walipofika katikati ya miaka ya thelathini, wanaume waliopitia kituo walikuwa na namba ya juu ya presha yenye wastani wa 126, na wenzao ambao hawakupitia, 143. Kundi lilikuwa dogo, watoto 111 tu walipoanza, kwa hiyo tusipige vigelegele. Lakini dawa nyingi za presha hazishushi kiasi hicho.

Nyumbani, tatizo lina sura ambayo wageni hawaitarajii. Utafiti wa afya wa Tanzania wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa ulioongoza ulikuwa Iringa, zaidi ya nusu ya watoto, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa. Hayo ni maghala ya nchi. Mahindi yapo, maharage yapo, maziwa yapo sehemu nyingi. Lakini msimu wa kilimo mama yuko shambani alfajiri hadi jioni, mtoto anabaki na mwenzake wa miaka saba, na uji ni wa mahindi matupu mara mbili kwa siku. Mahindi yenyewe yakihifadhiwa vibaya hubeba sumukuvu. Anayedhani ni suala la elimu ya lishe tu akashinde shambani Desemba moja. Upande wa ukatili, utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba hivi, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na karibu robo tatu ya wote walipigwa ngumi, mateke au viboko. Mwaka 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyojaribu kuziweka wizara kadhaa meza moja. Kujaribu huko ni hatua, maana mtoto mmoja hugawanywa: kilo zake ni za afya, michezo yake ni ya elimu, machozi yake ni ya ustawi wa jamii.

Kuna lawama moja ningependa mgeni aiache mlangoni. Elimu hii imetumika, na bado inatumika, kumshitaki mama. Kila kinachompata mtu mzima kinarudishwa tumboni mwake: alikula nini, alilia mara ngapi, alinyonyesha kwa muda gani. Ukisoma ushahidi wenyewe, utakuta waliozuia chakula Uholanzi walikuwa jeshi, waliojaza makao Bucharest walikuwa serikali, na anayempeleka mama wa Njombe shambani na mtoto wa miezi mitatu ni bei ya mahindi. Baba naye hayumo katika sehemu kubwa ya tafiti hizi, si kwa sababu hana athari, bali kwa sababu kliniki haikumuuliza.

Kuhusu pa kuanzia kazi, mwanafunzi wa Afrika Mashariki hana haja ya kusafiri. Kituo cha Ifakara kimekuwa kikiandika vizazi, vifo na uhamaji wa kaya za bonde la Kilombero tangu 1996. Kilifi, pwani ya Kenya, wanafanya hivyo tangu 2000. Watoto walioingizwa katika rejesta za miaka ile ya mwanzo sasa wana miaka ishirini na kitu au thelathini na kitu, umri ambao presha huanza kupanda bila mtu kuhisi, na sonona huitwa uvivu. Wengi bado wanaishi vijiji vilevile. Kinachohitajika ni mashine ya presha, maswali yaliyotungwa kwa heshima, kibali cha kamati ya maadili, na mtu mwenye subira ya kuoanisha majina.